Harufu ya Farasi Kidevuni

Mimi ni mwanamke mwenye ndevu. Naanza hapo ili nisije nikazungukazunguka, maana kwa kuzunguka sina mpinzani. Jambo hili nililizunguka miaka mingi, mlango wa bafu ukiwa umefungwa komeo na redio ikiwa juu, kana kwamba wembe ni trekta na majirani watausikia.

Si ndevu za kutisha watoto. Ni za kidevuni tu, na nyingine chini ya taya, nyeusi, ngumu, zenye kiburi. Zilianza nilipovuka arobaini. Ilikuja moja, nikaing'oa kwa kibano nikacheka. Halafu zikaitana. Dada yangu aliniambia mwanamke mwenye ndevu ni mwenye pesa, niziache zilete baraka. Nilimwambia hiyo baraka Mungu aipitishe mlango wa jirani.

Marehemu mume wangu aliziona siku moja nikiwa nimelala mchana. Alingoja wageni waje, ndugu zake na wake zao, chai imeshamiminwa, ndipo akasema, "Kwa hii nyumba tuko wanaume wawili. Tunagawana wembe." Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mandazi. Mimi pia nilicheka, na hapo ndipo palipo na ubaya wenyewe. Kisha nikaenda jikoni kuleta sukari ambayo hakuna mtu aliyeiomba.

Hakuwa mtu mbaya. Alisomesha watoto wetu wote na alifariki nikiwa nimemshika mkono. Lakini tangu chai ile sikuwahi kunyoa mlango ukiwa wazi, na hata baada ya kumzika niliendelea kufunga komeo ndani ya nyumba niliyokuwa nikiishi peke yangu. Sijui nilikuwa nikimfungia nani.

Nina duka la agroveti hapa Njoro: dawa za kupe na za minyoo, mbegu, chakula cha kuku, chupa za kunyonyeshea ndama. Wateja huniita daktari, ingawa sijawahi kumdunga hata mbuzi sindano bila kuomba kwanza. Ni kwenye kaunta ya duka hilo alipokuja mwanamume mmoja, kofia mkononi, miguu ya matege, akiuliza dawa ya minyoo ya farasi. Farasi huku si wengi. Wamebaki kwenye mashamba machache ya watu wenye nafasi, na wale wanaowatunza, tunaowaita masaisi, wanajuana wote. Huyu alikuwa saisi tangu ujana wake. Alikuwa amefiwa na mke kama mimi nilivyofiwa na mume. Alirudi kununua dawa ya minyoo mara nyingi kuliko tumbo la farasi yeyote linavyohitaji, na nilipomwambia hivyo alitazama dari na kusema, "Daktari, hawa minyoo ni wasumbufu."

Basi, minyoo wakatufikisha mahali pa kusema tuoane. Watoto wangu walishangaa, kisha wakakubali. Wa kwake walikubali, kisha wakashangaa. Mchungaji alituambia twende kumwona Jumamosi asubuhi, ili Jumapili aanze kututangaza kanisani.

Na mimi sikuwa nimemwambia.

Nilijaribu. Haki nilijaribu. Siku moja alinipeleka Kikopey kula nyama. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, moshi unatupata, ugali katikati, na nikawa nimejipanga: tukimaliza mbavu, nitasema. Mafuta yakanichuruzika kidevuni. Yeye kwa upendo wake akachukua karatasi ya kujipangusia, akanyoosha mkono anipanguse. Niliruka nyuma kama mtu aliyekanyaga makaa, soda ikamwagika kwenye suruali yake, kachumbari ikaenda chini. Watu wa meza ya pili wakatutazama. "Nimekukosea?" akaniuliza. Nikasema ni nyuki. Akaanza kumtafuta nyuki, maskini, akapiga hewa kwa kofia mpaka tukaondoka.

Mficha uchi hazai. Naijua methali hiyo. Nimewapiga nayo wateja wengi, wale wanaoficha ng'ombe mgonjwa mpaka anaanguka ndipo wanakuja mbio. Lakini kila nilipofungua mdomo niliisikia ile meza ya chai ikicheka. Nilijiambia huyu naye atangoja wageni. Usiku silali, mchana sikai. Nilikuwa nikipanga makopo ya dawa ya kupe, nikiyapangua, nikiyapanga tena, na mteja akiniuliza bei namjibu kwa hasira.

Kisha vipele vikanivamia. Kunyoa kwangu kulikuwa kwa wizi: maji baridi, sabuni ya kuogea, wembe wa haraka, kwisha. Kidevu kikaota vipele vyenye vichwa. Nikavipaka jeli ya kukamulia, ile ya chuchu za ng'ombe, maana ninaiuza na huku watu hupaka hata watoto wakienda shule. Ngozi iling'aa. Vipele vilibaki pale pale, sasa viking'aa na vyenyewe.

Ndipo nikaona video kwenye simu, mwanamume mmoja mpole akieleza kwamba kosa ni kunyoa kukavu. Akasema ndevu zataka maji moto, sabuni yake, na brashi ya manyoya ya kuziinua na kuzifunika povu, halafu wembe ufuate zinakolala. Niliitazama simu ikiwa chini ya kaunta, duka limejaa, mzee mmoja ananiuliza mbegu ya viazi. Nikamwambia ngoja.

Ijumaa nikafunga duka mapema, nikaenda Nakuru mjini, kwenye duka la vifaa vya vinyozi. Mwenyewe alikuwa jamaa wa kipara safi kabisa, sijui aliingiaje kwenye biashara hiyo.

"Karibu mathe. Brashi ni ya mzee?"

"Ya mzee."

"Ako na ndevu ngumu?"

"Usiseme."

"Na vipele?"

"Mpaka shingoni."

"Ngai, pole yake."

"Nitamwambia," nikasema, na nilijihurumia mpaka macho yakaniwasha.

Akanipangia brashi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nguruwe, inakwaruza. Ya pili alisema ni ya nyegere wa ng'ambo, na aliponitajia bei nilimuuliza kama huyo nyegere alikuwa mwalimu wa chuo. Ya tatu ilikuwa ya farasi. Niliizungusha kiganjani. Ilikuwa na nywele za kahawia zilizochanganyika na nyeusi, mpini wa mbao, si laini sana wala si ngumu. Nilitaka kucheka. Katika wanyama wote wa dunia hii, nimemkimbia saisi na kidevu changu, sasa namwendea farasi.

"Hiyo ni poa," jamaa akasema. "Shida ni moja. Ikishika maji mara za kwanza itanuka farasi mwenyewe. Mwambie mzee aioshe vizuri, ailaze na sabuni, aioshe tena. Baada ya muda inaisha."

Nikasema sawa. Jioni nikaiosha mara moja, nikainusa, sikusikia kitu. Nikainusa tena, nikaikaribisha mpaka ikaniingia puani. Hakuna. Nikasema jamaa yule ni wa kutisha watu tu.

Sasa hapa lazima niseme juu ya pua yangu. Mtu aliyekaa na dawa za kupe miaka mingi hana pua, ana pambo la uso. Mwanzoni zile dawa huumiza kichwa, halafu huzisikii tena, halafu husikii na vingine. Mimi maziwa yakiungua huambiwa na moshi. Watu wote wa agroveti wako hivyo, ila hakuna anayekumbuka, kwa sababu utakumbukaje harufu usiyoisikia?

Jumamosi niliamka kabla ya jua. Mchungaji alikuwa wa saa nne, nikaona nina nafasi. Nikafunga komeo, nikawasha redio. Nikachemsha maji, nikaizamisha brashi kwenye kikombe mpaka ikanywa ikashiba, nikaizungusha kwenye sabuni. Povu likapanda jeupe, zito. Nikajipaka.

Wacha niseme ukweli. Tangu ndevu zile ziote, hakuna kitu chochote kilichowahi kukigusa kidevu changu kwa wema. Kilijua kibano, kilijua wembe, kilijua kucha zangu mwenyewe zikikipapasa gizani kutafuta kilichoota leo. Brashi ile ikakizunguka polepole, ina joto, haina haraka, na machozi yakanitoka hivi hivi tu. Nikajizungusha mara nyingi kuliko video ilivyosema. Kisha nikashika wembe, nikaanza upande wa kushoto, zikatoka kama siagi inavyokubali kisu. Hakuna damu. Nikajitazama kwenye kioo, nusu mimi, nusu povu, nikatabasamu.

Hodi.

Mtu wa farasi huamka kabla ya jogoo, nilipaswa kulijua hilo. Nilijipangusa povu la upande wa kulia ambao haujaguswa, nikavaa skafu nikaifunga chini ya kidevu kama mtu mwenye jino, nikaenda kufungua. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, viatu vinang'aa.

"Nimekuja mapema ndiyo tusiharakishe," akasema.

"Karibu mzee. Keti ninywe... unywe chai."

Alikaa, akapokea kikombe, akakiinua, kisha akakirudisha mezani. Pua yake ilikuwa inafanya kitu. Akageuka dirishani, akarudi kwangu.

"Daktari, umefuga farasi?"

"Farasi nimweke wapi, kwa kabati?"

"Kuna farasi hapa. Amelowa." Akasimama. "Usiniambie ni yule jike amevunja ua akanifuata."

Akatoka. Nilimwona kupitia dirishani akizunguka nyumba. Alichungulia nyuma ya tangi la maji, akaingia kwenye mahindi akatoka, akainama kutafuta alama za kwato kwenye udongo wangu, na koti lake la kanisani. Mimi ndani nilikaa nikasimama, nikakaa nikasimama. Nikafikiria kuitupa brashi chooni. Nilijinusa mikono: hakuna kitu. Lakini nilishamkumbuka yule jamaa wa kipara na onyo lake.

Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nje hakuna," akasema. "Harufu iko hapa ndani."

Alisogea kwenye kiti alichokalia, akainama akakinusa, hapana. Akasogea kwangu. Akasimama umbali wa mtu anayesalimia.

"Ni wewe."

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Wewe ndiye unanuka farasi, daktari. Na si farasi wangu. Wangu nawajua."

"Labda ni dukani," nikasema. "Si unajua dukani watu hushikashika vitu."

"Jana jioni nilikuja ukiwa umefunga." Akachukua kofia kutoka mezani, akaanza kuizungusha ukingo kwa vidole. "Yule saisi wa shamba la juu. Anakuja kwako?"

"Anakuja. Ni mteja."

"Ananunua nini?"

Na mimi, mjinga, nikasema ukweli mmoja ambao sikupaswa kuusema asubuhi hiyo. "Dawa ya minyoo."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema tu, "Kumbe," akaivaa kofia yake ndani ya nyumba yangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akageuka kuelekea mlangoni.

Nilimwona akienda. Nilijua nikinyamaza atafika langoni, atafunga lile lango vizuri kwa sababu yeye hafungi kitu vibaya, na mchungaji atatungoja bure. Nitabaki na siri yangu salama, nimekaa nayo, mimi na komeo. Na nikisema, huenda akabaki, na siku moja wageni watakuja, chai itamiminwa. Za mwizi ni arobaini, nikajiambia, na zangu zimetimia.

"Simama hapo!" nikamwambia, kwa sauti ninayotumia kwa wenye madeni. "Usitoke."

Nikaenda bafuni. Nikarudi na brashi, bado ina povu, nikamwekea mkononi.

Aliitazama. Akaipeleka puani, akafumba macho kidogo. Akazipitisha nywele zake kwenye kidole gumba.

"Hii ni ya mkia na ya shingo, imechanganywa," akasema. "Ya nani?"

"Yangu."

"Ya kazi gani?"

"Ya kunyolea."

"Unanyoa nani?"

"Mimi!" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Najinyoa mimi! Nina ndevu! Ninazo tangu kitambo, ninazinyoa, na kule Kikopey hakukuwa na nyuki yeyote!"

Halafu akacheka.

Alicheka kicheko cha tumboni, akashika mlango, kofia ikaanguka. Nami nikaisikia ile meza yote, ndugu na wake zao, mandazi, sukari. Damu ikanipanda. "Toka," nikasema. "Toka nje ya nyumba yangu. Nimechekwa na mmoja mpaka nikamzika, sitaanza na mwingine. Toka!"

Akanyamaza pale pale. Nimewahi kumwona akinyamaza hivyo mbele ya farasi aliyeshtuka: mikono chini, hasogei, hatazami machoni.

"Sikucheki wewe," akasema. "Mama, sikucheki wewe. Najicheka mimi. Nilikuwa nimeshamchukia kijana wa watu. Nilikuwa nafikiria vile nitampiga, na nina magoti mabovu."

Alisimama pale ameshika brashi yangu kwa mikono miwili. Baadaye, alipoona sijamsukuma nje, akasema tena, kama mtu anayeongea na ukuta:

"Farasi huwa na nywele ndefu hapa kwa kidevu. Wakati wa maonyesho tulikuwa tunaambiwa tuzinyoe, wapendeze. Ukizinyoa, kesho yake anagonga mdomo kwa ndoo, hajui ukingo uko wapi. Anapapasa tu. Mimi niliacha kuzinyoa. Niligombezwa sana."

"Kwa hivyo mimi ni farasi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Umesimama sebuleni kwangu, Jumamosi ya mchungaji, ukaniita farasi."

"Nimesema usinyoe kwa sababu yangu."

Nilitaka kulia na nilitaka kumrushia kikombe. Kwa sababu, jamani, mtu anakuambia acha, na wewe umetumia nusu ya uzee wako kwa jambo hilo hilo, si rahisi kusema asante.

"Na kama mimi ndiye nataka?" nikamuuliza. "Si kwa sababu yako. Kwa sababu yangu. Nataka kidevu changu kiwe hivi."

"Basi nyoa."

"Nitanyoa."

"Nyoa, daktari. Nani amekataa?"

Nikaifungua ile skafu, kwa hasira, nikaitupa kwenye kiti. Nilisimama mbele yake mchana kweupe, vipele na vyote. Alinitazama kushoto, akanitazama kulia. Uso wake haukubadilika, ila aliinua nyusi kidogo.

"Umenyoa upande mmoja," akasema.

"Ni nani alikuja mapema?"

Nikamnyang'anya brashi nikarudi bafuni. Nilizamisha nywele za farasi kwenye maji, ambayo yalikuwa yameanza kupoa, nikaanza kuzungusha povu. Mkono ukaenda kwenye komeo wenyewe, kwa mazoea. Nikauona ukienda. Nikausimamisha, nikazima redio pia, nikaita, "Mzee! Taa ya hapa ni mbovu. Njoo unishikie kioo kwa dirisha."

Alikuja, akakitungua kioo msumarini, akakishika juu penye mwanga. "Juu kidogo," nikamwambia. "Hapo." Nikanyoa upande wa kulia, polepole, jinsi zinavyolala, bila kuficha sauti ya wembe. Jogoo wa jirani alikuwa akiwika kwa kuchelewa. Saa ya mchungaji ilikuwa inakaribia na hakuna aliyeitaja.

Nilipomaliza nilijiosha nikajipangusa, nikainua uso. Akaegemeza kioo kifuani, akanisogelea kunikagua kwa macho makini, jinsi anavyokagua farasi kabla hajamtoa zizini. Kisha akakigusa kidevu chake mwenyewe kwa kidole, kwa chini kidogo, kuelekea kushoto.

"Hapa," akasema. "Umeacha moja."